Mtoto ana miezi 23, haongei: nianze na chekechea au kishikwambi?

Mkimya2: Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, wenye matusi wapite kimya kimya. Kijana wangu ana miezi 23 na haongei. Simaanishi kwamba anatamka vibaya, haongei kabisa. Anaguna, anakushika mkono anakuvuta hadi anapotaka, basi. Mtoto wa jirani wamepishana wiki mbili tu, juzi kanisimamisha mlangoni: "Anko, njoo." Usiku ule sikulala.
Nipo njia panda. Nimwanzishe chekechea sasa hivi akachanganyike na wenzake, au nimpe kishikwambi chenye programu za kufundisha maneno? Kipi kinaleta matokeo haraka? Nina miezi miwili tu.

Babu wa Kijiweni: Wa kwanza! Navuta kiti.

Kinywa Wazi: Mkuu tulia, wa kiume huchelewa. Mjomba wangu alifika miaka minne bila neno. Leo ni dalali, akikupigia simu unaomba chaji iishe.

Mama Pacha: Pole baba. Wangu wawili walijitungia lugha yao. "Dudi" ilikuwa kiatu, taa na baba yao, ilitegemea wameivuta vipi. Nikiwasahihisha wananiangalia kama mgeni aliyekosea nyumba. Walipokaribia miaka mitatu wakaiacha, na aliyelia ni mimi, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuielewa. Samahani, uliuliza nini vile?

Mzazi Makini: Tatizo ni sisi wazazi wa siku hizi. Mtoto anarusha sauti kama mpira, anasubiri arudishiwe. Akirusha mara kumi hakuna wa kudaka kwa sababu nyumba nzima imeinamia simu, anaacha kurusha. Halafu dawa unayoitaka wewe ni kuongeza skrini nyingine! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 hauruhusu video kwa aliye chini ya miaka 2, na kuanzia 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Kinywa Wazi: Na hii umeiandika kwa simu ya nani?

Nesi Mstaafu: Kabla hamjamchagulia shule, mwanangu nijibu haya. Ukimwita kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake anageuka? Huwa ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, si kukiomba, kukuonyesha tu ili mkitazame wote? Na je, kuna maneno aliwahi kuyasema akayaacha?

Mkimya2: Asante mama. Masikio hayana shida, alipimwa alipozaliwa akapita. Mlango ukibamizwa anashtuka. Kidole ananyoosha, pikipiki ikipita anaionyesha halafu ananitazama usoni nione. Sasa, kati ya chekechea na kishikwambi?

Nesi Mstaafu: La tatu umeliruka.

Babu wa Kijiweni: Kabanwa.

Mkimya2: Sawa. Alikuwa nayo. Kama manane hivi akiwa na miezi 17. "Mama", "toka", paka alimwita "pa". Yakaanza kupotea moja moja, la mwisho kuondoka lilikuwa "toka". Katikati hapo sikio la kushoto lilitoa usaha, nikamwekea matone yaliyokuwepo ndani, likakauka. Sioni uhusiano.
Na niwe mkweli, muhula wa chekechea nimeshalipia, kishikwambi nacho kimeagizwa, kipo njiani. Sasa mkisema vyote viwili havifai mnaniumiza bure. Niambieni tu nianze na kipi.

Nesi Mstaafu: Usianze na chochote. Kuchelewa kuongea ni jambo moja, kuongea ukaacha ni jambo jingine, na hilo la pili halisubiriwi. Karibu na miaka miwili tunategemea maneno kama 50 na aanze kuunga mawili mawili, "baba kuja", "taka hiyo". Wapo wanaochelewa wakafika salama, nakubaliana na mwenye mjomba dalali. Ila huyu alishafika njiani akarudi.
Kupita kipimo cha siku ya kuzaliwa kunakwambia alisikia siku ile. Sikio likiugua, maji mazito yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki au miezi, bila homa, bila maumivu. Piga mbizi, halafu mtu akuhubirie kutoka ukingoni: utajua anaongea, hutajua anasema nini. Mlango ukibamizwa mtoto wa namna hiyo atashtuka vilevile. Na hayo matone usirudie, sikio likitoa usaha huenda ngoma imetoboka, na si kila dawa inafaa kuingia humo. Apimwe na daktari wa masikio, pua na koo, kisha aonwe na mtu wa makuzi ya watoto, kwa sababu maneno kupotea huwa pia dalili ya usonji, hali ya ubongo inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na wengine. Kidole chake kinanipa moyo, lakini kidole si cheti.
Chekechea: watoto ishirini wanapiga kelele chumba kimoja, kwa asiyesikia vizuri huo ni ukuta. Kishikwambi: kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, 2003, wa Patricia Kuhl na wenzake. Watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walichezewa na kusomewa na Wachina ana kwa ana, vikao 12, wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wengine walioneshwa watu walewale kwenye video, muda uleule. Hawakuambulia kitu.

Profesa wa Mtaa: Hapo nyumbani mnaongea lugha ngapi? Lugha mbili ndizo zinazomchanganya mtoto.

Mama Pacha: Hapana bwana. Wa dada yangu anakua na lugha tatu. Ukihesabu maneno ya lugha moja unaogopa, ukiyajumlisha yote yuko sawa na wenzake.

Mchunguzi Huru: Wakuu punguzeni kasi. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa pili mwaka huu aliandika: "Nina miaka 27, sijaoa, sina mtoto, naogopa kuhama kwa wazazi." Leo ana kijana wa miezi 23. Chai hii.

Babu wa Kijiweni: Na majani yamezidi.

Kinywa Wazi: Mtoto kazaliwa ana miezi 20 😂 Huyo hata kuongea ataongea lini, bado ana mshangao.

Mama Pacha: Nirudishieni lugha ya wanangu.

Mzazi Makini: Ndiyo maana jukwaa limepoteza heshima. Watu wanachezea mada za watoto kupata wachangiaji.

Nesi Mstaafu: Chai au si chai, hilo sikio lipimwe.

Mkimya2: Si chai. Ni mtoto wa dada yangu, mimi ni mjomba. Dada alipata kazi nje ya nchi, akaniachia miezi mitano iliyopita. Nimezoea kumwita mwanangu, na nisingeandika "mpwa wangu", mngeanza kuniuliza mama yuko wapi.
Dada hajui. Kila Jumapili anapiga simu ya video. Mwanzoni mtoto alikuwa anasema "mama" anaibusu kioo. Aliponyamaza nikaanza kusema kalala, kaenda kwa jirani, mtandao mbovu. Anarudi baada ya miezi miwili. Nilitaka amkute anaongea.

Mchunguzi Huru: Kwa hiyo "alipimwa alipozaliwa akapita" ulijuaje?

Mkimya2: Kadi ya kliniki ninayo, imeandikwa.

Kinywa Wazi: Mi bado nusu nusu. Ila ile ya kubusu kioo imenishika.

Nesi Mstaafu: Mjomba, pole, ni mzigo mkubwa kwa kijana. Sasa kuna sikio, na kuna mtoto aliyeondokewa na mama ghafla. Huzuni nayo humrudisha mtoto nyuma katika aliyokwisha kuyaweza. Daktari atauliza alianza kutembea lini, kubwabwaja lini, neno la kwanza lini. Anayejua ni mama yake. Mpigie leo, usingoje Jumapili.

Mzazi Makini: Na umwombe radhi.

Mkimya2: Nimejaribu sasa hivi kile ulichoniuliza mwanzo. Alikuwa amekaa sakafuni anapanga vikombe vya plastiki, kanipa mgongo. Nikamwita kwa sauti ya kawaida, hatua tatu nyuma. Akaongeza kikombe cha nne. Nikamwita tena kwa nguvu kidogo, akapanga cha tano. Nikakanyaga sakafu kwa kisigino, vikombe vikatikisika, akageuka na kucheka.

Nesi Mstaafu: Hicho hakihesabiki kama kipimo, ila kesho asubuhi uwe pale wanapopima. Nenda na kadi.

Mkimya2: Nimeshampigia dada. Kalia kwanza, kisha kanitukana, kisha kaniambia nimsogezee simu sikio la kulia. Tutaondoka saa moja.

Babu wa Kijiweni: Mjomba, ukirudi utupe majibu. Na hicho kishikwambi kikifika kama hukitaki, njoo inboksi.