Kikapu Kigoma: tunajenga timu au tunauza matofali tununue geti?

Wakuu habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na wa mpira wa miguu. Huu ni wa kikapu, na wapenda kikapu wa Kigoma humu ndani tunajuana, hatujazi hata Hiace. Nina hasira, mkikuta nimekosea herufi mnivumilie.

Jana usiku nimepata habari, tena si kwenye kikao. Nimeipata kwa muuza chipsi pale Mwanga, mtu ambaye kikapu anakijua cha kubebea nyanya tu. Kwamba uongozi wetu umeshakubaliana na timu moja ya Kanda ya Ziwa: wao watupe senta wao mkongwe (yule mrefu wa kukaa chini ya ringi), sisi tuwape pointi gadi wetu (mpanga mashambulizi) wa miaka 19 pamoja na yule dogo mrefu wa Kibirizi. Juu yake nauli ya mkongwe tulipe sisi, na kodi ya chumba miezi sita tulipe sisi. Muuza chipsi anajua. Mimi ninayeandika daftari la mezani, takwimu za kila mechi, msimu wa nne huu, sijui.

Kwa wageni wa habari hii: mwaka jana tulikuwa na kikosi cha kutembea nacho kifua mbele. Wawili wakapata chuo Dodoma, mmoja akaingia jeshini, mmoja akafuata maisha Dar, nahodha goti likamgomea. Mwezi wa kwanza tukakaa, na viongozi hawa hawa wakatamka wenyewe: tunaanza upya, misimu miwili tunalea watoto, tutafungwa sana, mtu asije kupiga kelele. Tukakubali kwa kunyoosha mikono. Mechi ya kwanza tukapigwa kwa tofauti ya pointi 31. Sikupiga kelele. Ya pili 24. Ya tano tumefungwa kwa 9, na robo ya tatu tuliimaliza tukiwa mbele. Sasa watoto wanaanza kujua nani anaachia pasi lini, ndiyo kwanza mnawafungashia mabegi?

Turudi kwa huyo mkongwe. Jina simtaji, ana familia na sina ugomvi naye. Urefu anao, milango yetu hii ya kupanga anaingia kwa kuinama. Ila tangu mimi nachezea raba za kuazima nasikia sentensi moja tu juu yake: "Huyu akitulia, atatisha." Timu ya kwanza atatisha. Ya pili atatisha. Ya nne, atatisha. Wakuu, mtu ana miaka 33 bado yuko kwenye atatisha! Mchezaji aliyewahi kuwa moto kisha akapoa namwelewa, umri haumwachi mtu. Huyu hajapoa, hakuwahi kuchemka.

Jumamosi ya wiki iliyopita alikuja kwa kile walichoita "kufanya mazoezi na vijana". Kumbe yalikuwa majaribio, na sisi wote tulikuwa mapambo. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, watoto wakafagia maji na mchanga kwenye sakafu ya saruji mpaka saa kumi na moja. Yeye alikaa kwenye pikipiki akiwa na simu. Raba mpya, nyeupe pee, hakutaka ziloane. Haya, mechi ikaanza. Daftari ninalo hapa mbele yangu: dakika 31 uwanjani, ribaundi 4 (mipira iliyokosa ringi akaidaka), mitupo huru 2 kati ya 9, mipira aliyopoteza 6. Watetezi wake wanasema alikuwa amechoka na safari. Alifika Alhamisi.

Lakini namba mnaweza kubishana nazo. Kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu hakibishaniki. Robo ya nne, pointi gadi wetu akapenya, akakosa, mpira ukagonga ringi ukaanguka hatua mbili kutoka alipo mkongwe. Hakusogea. Alinyoosha mkono akauonyesha ule mpira kwa kidole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda Ujiji. Aliyeurukia ni dogo wa Kibirizi, ambaye alfajiri ile alikuwa mwaloni anabeba ndoo za dagaa, na raba yake ya kulia imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Akaudaka, akafunga, akarudi kukaba mbio. Mkongwe alikuwa bado katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Na huyo dogo ndiye chenji tunayotoa!

Leo asubuhi kiongozi mmoja kanipigia simu. Kasikia nachonga. Akaniambia, "Bwana mdogo, wewe unayekesha na NBA unajua kabisa, timu inayojijenga inachukua mkongwe wa kuwaongoza watoto." Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, ila hapo umenifuata nyumbani kwangu.

Oklahoma City Thunder, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Julai 2019, walimwachia Paul George aende Clippers wakapata Shai Gilgeous-Alexander na rundo la machaguo ya drafti, yaani zamu za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi. Mwezi huohuo wakamtoa Russell Westbrook kwenda Houston, akaja Chris Paul, miaka 34, na mkataba mnene ambao kila mtu alisema haubebeki. Lakini hakuja mikono mitupu. Houston waliongeza machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Desemba 2020 wakamchukua Al Horford, ambaye Philadelphia walikuwa wamemchoka baada ya msimu mmoja. Huyo ndiye mfano wenu halisi, mkongwe asiyefikia bei yake. Thunder walisema sawa, tutamchukua, mtatupa nini? Wakapewa chaguo la raundi ya kwanza. Akacheza mechi 28, mwezi wa tatu wakamkalisha ili watoto wapate dakika, kisha wakampeleka Boston na huko nako wakavuta chaguo jingine la raundi ya kwanza. Mwaka 2025 wakabeba ubingwa, Shai akiwa mchezaji bora wa fainali.

Mmeona malipo yalivyotembea? Aliyetaka kutua mzigo ndiye aliyelipa. Thunder walichukua wakongwe, ndiyo, lakini walilipwa kuwachukua. Sisi tunabeba mzigo wa mtu na tunamlipa yeye kwa kutubebesha. Hata wapagazi wa stesheni hawafanyi hivyo.

Mnataka kumwona aliyelipa? Brooklyn Nets, 2013. Wakawachukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston, wa kwanza miaka 37, wa pili 35. Wakatoa machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018, na wakaruhusu Boston wabadilishane nao lile la 2017. Msimu wa kwanza wakavuka raundi moja tu ya mtoano. Mwaka mmoja Pierce kaondoka, Februari 2015 Garnett naye yuko Minnesota. Boston kwa machaguo yale wakapata Jaylen Brown, na njia ya kumfikia Jayson Tatum, na ubingwa wa 2024. Sasa angalia: Garnett na Pierce ni watu waliokuwa na pete ya 2008 vidoleni, na Nets hawakuwa wanajijenga, walidhani wanafunga kazi. Bado iliwaunguza. Wewe unanunua wa "atatisha" wakati uko nafasi ya mwisho?

Mzee akaniletea na Hasheem Thabeet, maana kwetu huwezi kubishana kikapu dakika kumi asitajwe. Kwamba Memphis walimchukua wa pili kwenye drafti ya 2009, walipoona hakuivi haraka wakamtoa Februari 2011 kwenda Houston pamoja na chaguo la raundi ya kwanza, wakampata Shane Battier, na mwaka uleule wakawatoa San Antonio waliokuwa namba moja wa ukanda wao. Ni kweli kabisa. Na Thabeet mimi namheshimu, Mtanzania wa kwanza kufika kule, hakuna wa kumcheka. Lakini Memphis walikuwa na Zach Randolph tayari anapiga kazi, walikuwa wanabakiza tofali la mwisho. Na Battier alikuwa mtu wa kujitupa chini kwa ajili ya mpira uliolegea. Nionyesheni mkongwe wenu akijitupa chini. Raba zitachafuka.

Baada ya hapo mzee akasema ukweli wenyewe, na namshukuru kwa hilo: kuna mfadhili kaahidi jezi, anataka "jina". Basi semeni jezi. Msituambie habari za kulea watoto.

NYONGEZA: Mkuu uliyejibu hapo chini kwamba vijana bila kaka mkubwa uwanjani wanapotea, nakubaliana nawe, na si kwa shingo upande. Watoto wetu hawajui kutuliza mpira tukiongoza kwa pointi nne zikibaki dakika mbili. Mechi ya tano ilituponyoka hapo hapo. Lakini nahodha wetu wa goti bovu yupo Ujiji, anakuja mazoezini kwa miguu, anakaa kwenye tofali anaangalia tu kwa sababu hakuna aliyemwambia njoo ufundishe. Huyo hahitaji kodi ya chumba.

Na kama lazima mkongwe aje, aje. Nitampokea stesheni mimi mwenyewe na begi nitambebea. Ila timu yake ndiyo ilete kitu juu yake: mipira mitano (yetu imelainika kama papai lililopitiliza), au kijana wao wa miaka 18 wanayemkalisha benchi. Nauli watoe wao. Dakika zake ziwe kumi na mbili kwa mechi, na kwenye fagio la kukausha uwanja awemo. Watoto hawatoki.

NYONGEZA 2: Wanaoniuliza kwa nini sisemi kikaoni. Kikao ni Jumanne, nimeomba mara mbili ajenda iwekwe, nimejibiwa "mambo mengineyo". Nitakuja na daftari, mechi zote tano na hiyo ya Jumamosi, aliyeandika vibaya anioneshe wapi.

Dogo wa Kibirizi kanitumia meseji sasa hivi, naye kasikia kwa watu. Hajauliza anauzwa wapi wala kwa nini. Kaandika: "Kaka, jezi niifue nirudishe kesho au nisubiri Jumanne?" Nimeisoma mara tatu, sijui nimjibu nini.