Jamaa kafuta voliumu, halafu ananiuliza "kwani kontena si zinawaka?"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe tahajia.

Yule mtaalamu mnamjua. Yule wa huku Mtumba, Dodoma, anavaa miwani ya jua hata ndani ya chumba cha seva. Mliowahi kufanya naye kazi mshaanza kucheka.

Mfumo wetu ni kontena tatu, yaani programu zilizofungwa kila moja kwenye boksi lake ndani ya seva: nginx mbele inapokea wageni wa tovuti, programu katikati, Postgres nyuma ndiyo databesi. Data zenyewe zinakaa kwenye voliumu, hifadhi iliyo nje ya kontena. Programu na nginx zinachangia voliumu moja ya picha na viambatisho, Postgres ina yake. Nilihangaika na ruhusa za mafaili mpaka programu ikaandika na nginx ikasoma tu. Zinaitana kwa majina ya huduma, umeme ukikatika zinarudi zenyewe. Raha mustarehe.

Leo asubuhi picha hazifunguki. Picha tu! Ruhusa ya folda, kazi ya dakika. Bwana mkubwa kaingia kwenye seva bila kuuliza mtu, kapiga amri ya kuzima kontena zote, docker compose down -v. HIYO V JAMANI. Down peke yake inaondoa kontena na mtandao wake, voliumu inaziacha. Ukiweka -v umeagiza na voliumu zifutwe. Kapiga up, zote zikawaka, databesi tupu, haina hata mtumiaji mmoja.

Nikamuuliza, mkuu, data iko wapi? Akanigeukia mbele ya bosi, mbele ya dada wa masijala, mbele ya muuza karanga aliyekuja kudai hela yake: "Kwani kontena si zinawaka?"

Zinawaka ndiyo, na mimi nawaka! Wala hakuvua miwani. "Kwani kontena si zinawaka?" Bosi naye akatikisa kichwa kukubali!

ZabibuMbichi: Bakapu je, mleta uzi?

Mleta uzi: Bakapu aliiweka yeye, ndani ya voliumu hiyo hiyo. "Ili iwe karibu."

ZabibuMbichi: 😂😂😂 nimekufa mimi

KipangaDom: Kwenye faili la Compose, lile la kupanga kontena, ungeandika external: true kwenye hiyo voliumu, yaani si mali ya Compose, isingeguswa hata kwa -v. Unalia nini sasa?

Mleta uzi: Sijaomba darasa mkuu. Mtu kaniambia KONTENA SI ZINAWAKA!

KipangaDom: Kwani haziwaki?

MtotoWaNkuhungu: Afadhali wako. Wetu aliunganisha Postgres mbili kwenye folda moja ya data "zisaidiane kazi". Data ikavurugika yote, akasema vumbi la Dodoma limeingia kwenye seva.

Mgogo_Halisi: Vumbi letu mliache. Mmehamia wenyewe.

ZabibuMbichi: Tulihamishwa mkuu. Na tangu serikali ije huku, mwenye nyumba wangu anapandisha kodi kila akiona V8 inapita.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, voliumu...

MtotoWaNkuhungu: @ZabibuMbichi uko Area C? Anafuga kuku chini ya dirisha la wapangaji?

ZabibuMbichi: Ndiye huyo huyo!! Na jogoo wake anawika saa nane usiku.

MtotoWaNkuhungu: Mimi nilihama kwa ajili ya jogoo huyo. Mpaka leo hajanirudishia kodi yangu ya miezi iliyobaki.

Mgogo_Halisi: Jogoo anauzwa?