Kiti cha springi, cha jeli, cha ngozi au chembamba chenye mfereji: kipi kinafaa njia zetu za Mombasa?

Mwendo wa Mtwapa

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Nataka kubadilisha kiti cha baiskeli na sitaki kununua kwa kubahatisha. Natoka Mtwapa kwenda kazini mjini karibu kila siku, njia ya Shanzu, Bamburi na Kongowea, halafu Daraja la Nyali. Jumapili tukijaliwa tunapanda hadi Kilifi na kurudi. Baiskeli ni ya mtumba, ya gia, fremu ya chuma, usukani ulionyooka. Kiti kilichopo ni cha jeli, kipana, ukikibonyeza kwa kidole kinazama. Mpaka Bamburi niko raha mustarehe. Nikikaribia Kongowea mbele panaanza kufa ganzi, na nikifika mjini mapaja yamechubuka kwa ndani.

Nimeona viti vinne. Cha springi cha mamba, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo, hivi wanavyouza mafundi wetu. Cha jeli kingine, cha bei zaidi kuliko hiki. Cha ngozi, cha kampuni ya Brooks, aina ya B17, kuna mtu ana kilichotumika. Na chembamba cha mbio chenye mfereji katikati. Kama umekalia zaidi ya kimoja, nieleze ulivyokiona mwenyewe.

Fundi Mwembe Tayari

Wa aleikum salaam mwanangu. Usitoe hata shilingi kabla hatujajua hicho ulicho nacho kimefungwaje. Kiti kizuri kilichofungwa vibaya kinaumiza kuliko kibovu kilichofungwa sawa, hilo naliona kazini kila uchao.

Anza na urefu. Mwenzio akushikie baiskeli, wewe panda, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulala upande. Ukianza kukanyaga kwa nyayo ya mbele, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kikiwa juu mno, nyonga zinacheza kushoto na kulia kila ukikanyaga, na mapaja yanasuguana na kiti njia nzima. Kikiwa chini mno, miguu haibebi uzito, mzigo wote unabaki matakoni, na magoti yanauma kwa mbele.

Halafu azima pima maji ya mwashi, uilaze juu ya kiti kutoka nyuma mpaka puani, ile ncha ya mbele. Kiputo cha hewa kikae katikati. Pua ikiinuka, hiyo ganzi ni yako. Pua ikiinama sana, utateleza mbele, mikono ianze kubeba mwili na viganja vife ganzi badala yake. Shika pia kiti kwa mikono miwili ukitikise juu na chini. Klempu, kile kibano kinachoshika kiti, ikiwa imelegea au meno yake yameliwa, kila ukikaa nyuma pua inapanda, hata ukiipima asubuhi ikawa sawa. Klempu ya meno yaliyoliwa ni ya kutupa. Usikubali mtu akuchomee kwa welding, maana siku ukitaka kukisogeza kiti hutaweza tena.

Madafu Kongowea

Mimi nabeba madafu kwa mamba, na sibadilishi springi kwa chochote. Lakini niseme kwa nini, ili ndugu yangu asinunue kwa maneno yangu tu.

Kwenye mamba unakaa wima, mgongo umesimama, usukani umekuja kwako. Uzito wote unashuka matakoni. Na nikiwa na mzigo kwenye keria siwezi kusimama juu ya pedali nikiona shimo, maana mzigo utanivuta upande na tutaanguka wote, mimi na madafu. Lazima nibaki nimekaa, nilipokee shimo. Zile springi mbili za nyuma ndizo zinazolipokea. Kiti hakina sponji ya kusema, juu nimezungushia tyubu ya zamani iliyokatwa vipande virefu, nimeivuta ikakaza. Jasho halipenyi, mvua ikipiga unapangusa unaendelea.

Wewe usukani wako umenyooka, unainama. Kiti cha mamba ni kipana nyuma na pua yake ni nene. Ukiinama na kukanyaga haraka, mapaja yatagonga ubavu wa kiti kila mzunguko. Tena springi zinacheza chini yako, nguvu inapotea. Kwako sikishauri.

Bi Pedali

Hapo kwenye upana naomba niingie, kwa sababu viti vingi vya dukani vimepimwa kwa mwili wa mwanamume.

Naendesha Tudor mpaka Mji wa Kale, naketi karibu wima, na navaa dera au kanzu ndefu juu ya suruali. Kitu ambacho hutakiona kwenye tangazo lolote ni pua ya kiti. Ikiwa ndefu, ukishuka mbele kwenye taa za barabarani nguo inanasa puani, na ukitaka kukaa tena inakuvuta chini ya mwili. Hujakaa vizuri na magari yameshaanza kupiga honi nyuma. Pua fupi yenye ncha ya mviringo inaondoa adha hiyo kabisa. Nimewashauri dada kadhaa hivyo na wote wamefurahi.

Kiti changu ni kipana, cha sponji ngumu. Si jeli. Jeli niliyokalia ya rafiki yangu ilikuwa na joto ajabu, na kwa hali yetu ya hewa hapa, mwezi wa pili, harara inakuota ukiwa bado uko Buxton.

Tabibu wa Tudor

Ndugu wa Mtwapa, ganzi usiizoee. Nafanya kazi ya kunyoosha viungo na naulizwa sana jambo hili, ingawa wengi wanaona haya kulitaja.

Chini ya nyonga kuna mifupa miwili, ndiyo unayoihisi ukikaa kwenye baraza ya simiti. Hiyo imeumbwa kubeba uzito. Katikati yake, kwenye msamba, inapita neva na mishipa ya damu inayokwenda sehemu za siri. Kiti laini kupita kiasi kinafanya hivi: mifupa inazama, jeli inasukumwa pembeni, inapanda katikati na kubana msamba. Ndiyo maana dakika za kwanza ni raha na baadaye ni ganzi. Jeli ya bei kubwa zaidi itafanya yaleyale, itachelewa kidogo tu.

Jambo hili lina ushahidi wake. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliwafuatilia polisi 90 wa doria za baiskeli waliopewa viti visivyo na pua kwa miezi 6, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Mwanzoni waliosema hawapati ganzi walikuwa asilimia 27. Mwishoni walikuwa asilimia 82. Simwambii kila mtu anunue kiti kisicho na pua, maana pua inasaidia kuiongoza baiskeli kwa mapaja, hasa ukikata kona. Lakini inaonyesha shida inatoka wapi.

Upana wako unaweza kuupima leo nyumbani. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, ukiweke juu ya baraza au ngazi ngumu. Kalia, inua visigino kidogo, inama mbele kama unavyoinama ukiwa barabarani. Ukisimama utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya bonde moja mpaka la pili, kisha ongeza milimita 20 hadi 30. Huo ndio upana wa kiti chako kwa nyuma. Unene wa mtu hauhusiki hapa. Nimeona watu wembamba wenye mifupa iliyoachana na wanene ambao mifupa yao imekaribiana.

Na njiani, kila baada ya dakika kama 10 simama juu ya pedali kidogo, damu ipite.

Kusi na Kaskazi

Nashukuru tabibu kataja kuinama, kwa sababu safari ya Kilifi ina jambo lake.

Msimu wa kusi, kutoka Mtwapa kwenda Kilifi upepo unakusukuma. Unakaa wima, unatazama mashamba ya mkonge pale Vipingo, kiti chochote ni kizuri. Kurudi ndipo penye kazi. Upepo uko usoni, unainama mpaka kidevu kinakaribia usukani, na nyonga inabingirika mbele. Uzito unatoka kwenye ile mifupa miwili na kuja mbele, kwenye msamba. Kiti kilekile, njia ileile, asubuhi kilikuwa rafiki, mchana kinakutesa. Kaskazi ikivuma mambo yanageuka: unataabika kwenda na unarudi kwa starehe. Kwa hiyo anayejaribu kiti akijaribu kwa upepo wa nyuma tu bado hajakijua.

Mimi niko kwenye ngozi. Brooks walianza Birmingham mwaka 1866, na B17 imekuwako tangu karne ya 19, kwa hiyo si kitu cha majaribio. Ngozi haina sponji. Imevutwa baina ya pua na nyuma, inaning'inia, na kwa muda inachukua umbo la mifupa yako. Mwanzo ni ngumu kwelikweli. Ikikukubali, unasahau kama kuna kiti. Hewa inapita chini yake, harara sijui tena ni nini.

Ila B17 ya kawaida ina upana wa milimita 175, na hiyo ni ya mtu anayekaa wima kiasi. Ukiinama sana kuna ile nyembamba, milimita 151.

Fundi Mwembe Tayari

Ndugu yangu wa Kusi, nakuheshimu, lakini ngozi kwa pwani hii mimi sishauri. Nimefungua viti vya ngozi vilivyoachwa stoo msimu wa masika, chini vimeota ukungu wa kijani. Chumvi nayo inakula ribiti zinazoshikilia ngozi na ile bolti ya kuikazia. Na mtu akiiacha nje ikanyeshewa, kisha akaikalia ikiwa mbichi, inalegea, katikati inabonyea, haikai tena.

Kusi na Kaskazi

Yote hayo ni kweli kwa mtu asiyeitunza, mzee wangu. Mfuko wa plastiki uwe chini ya kiti muda wote, wingu likitanda unakivisha. Kikilowa, kianikwe kivulini, kamwe si juani. Dawa yake ya nta unaipaka juu na chini, chini ndiko watu wanakosahau. Bolti ya puani unaikaza robo mzunguko tu, na si kila wiki. Anayekaza kila akijisikia anaipasua ngozi. Na kwa asiyetaka kazi hiyo, Brooks hao hao wana Cambium, ya mpira na kitambaa juu, haiogopi mvua.

Kwa hicho kilichotumika, Mwendo, bonyeza katikati kwa dole gumba. Kikibonyea kwa urahisi kiache. Pindua utazame kama nyuzi za bolti bado zimebaki za kukazia. Angalia kwenye matundu ya ribiti: ukiona ngozi imeanza kupasuka pale, hata ukipewa bure usichukue.

Mwendo wa Mtwapa

Ahsanteni sana wazee wangu na dadangu. Nimefanya mlivyosema. Pima maji ilionyesha pua imeinuka, tena si kidogo. Nimeilaza, nimekaza klempu, na ganzi imepungua sana. Mapaja bado yanachubuka, nadhani ni upana. Boksi limenipa milimita 118, kwa hiyo natafuta kiti cha 138 hadi 148, na hiki cha jeli ni 190! B17 ya yule bwana nimeipindua: ribiti moja ya nyuma imeshaanza kuchana ngozi. Nimeiacha.

Nimebaki na kile chenye mfereji. Ninavyoviona vya mbio vingine ni 130, vingine 143. Nichukue cha 143?

Tabibu wa Tudor

Ndiyo, 143, chenye sponji ngumu na mfereji mpana wa kutosha kuingia vidole viwili. Na vaa bukta yenye pedi bila chupi ndani, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Mafuta ya nazi kidogo pale panaposuguana. Bukta ifue kila safari, jasho likikauka linakuwa kama msasa.

Bi Pedali

Bukta hiyo unaweza kuivaa ndani ya suruali ya kawaida, kaka, si lazima uingie nayo ofisini.

Madafu Kongowea

Hicho cha jeli ukikitoa usikitupe. Mke wangu anaendesha wima, kwenda sokoni tu. Tutaelewana bei.

Mwendo wa Mtwapa

Chukua ndugu yangu, sitaki bei. Fundi, shida moja: bomba la kiti haliinuki. Nimelegeza bolti yote, nimezungusha, limegoma kabisa.

Fundi Mwembe Tayari

Chumvi hiyo. Bomba ni la aluminiamu na fremu ni ya chuma, vikikaa pamoja kwa hewa ya bahari bila grisi vinashikana. Usilipige nyundo na usilizungushe kwa sipana ya bomba, utaliharibu. Mwagia mafuta ya kupenya pale linapoingia kwenye fremu, liache lilale usiku kucha, kesho mwagia tena, kisha zungusha kwa kushika kiti chenyewe cha zamani, kushoto kulia taratibu. Likitoka, sugua kutu yote ndani, paka grisi bomba zima, na usilivute kupita alama ya mwisho iliyochorwa. Likikataa, niletee Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na kiti cha 143 uje nacho. Utakiendesha mpaka Makupa na kurudi, tukirekebishe kabla sijakaza mara ya mwisho.