Tamasha letu la fasihi Lamu limehamishiwa mtandaoni "bure kwa wote". Bure ya nani?

Asalaam aleikum wanajamvi.

Nimejizuia siku tatu nisiandike. Nilitaka hasira ipoe kwanza, haikupoa. Niwieni radhi, na mwenye kusoma asome mpaka mwisho ndipo anijibu.

Tamasha la fasihi la mji wetu, lile la jioni tatu pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, mwaka huu limehamishiwa mtandaoni lote. Tangazo lilizunguka kwenye vikundi vya WhatsApp wiki mbili kabla: waandishi kutoka nchi kadhaa, mazungumzo kila jioni, na chini yake kwa herufi kubwa BURE KWA WOTE. Watu wakapiga makofi. Nasema kweli, siku ile hata mimi nilifurahi. Nilidhani ni nyongeza, kwamba tutakutana Ngomeni kama ada na walio mbali watafuata kwenye simu. Kumbe hakuna Mkunguni, hakuna mkeka, hakuna kiti hata kimoja. Kuna kiungo cha kubofya, basi.

Hiyo bure ni ya nani? Mama anayeuza mahamri mtaa wa Langoni alikuwa akifunga biashara yake, anatembea dakika tano, anakaa kwenye jamvi na wajukuu wake, anasikiliza mpaka usiku. Hakutoa hata shilingi. Mwaka huu ili asikilize anatakiwa awe na simu ya kioo, na yake ni kabambe ya kupiga na kupokea. Tuseme mjukuu amemwazima yake. Mazungumzo ya saa moja na nusu, tena ya video, yanakula bando la siku nzima, na jioni ni tatu. Kitu ambacho jana kilikuwa bure kweli leo kinalipiwa, ila malipo hayaendi kwa waandalizi ndiyo maana wao hawayaoni.

Na huyo ni wa hapa hapa mjini. Vijana wa Siyu na Faza, kisiwani Pate, walikuwa wakija kwa mashua, wakingoja maji yajae wapate kupita mkondo wa Mkanda, wanalala kwa jamaa zao na kurudi kesho yake. Nilijua mtu atasema afadhali sasa wamepumzishwa safari. Nikampigia mwalimu mmoja wa huko kumuuliza. Aliniambia alipanda darini kutafuta mtandao, wanafunzi sita wameizunguka simu moja. Picha ikaganda, sauti ikawa inakuja vipande vipande kama mtu anayezama, na baada ya robo saa watoto wakashuka mmoja mmoja. Watoto wale mwaka juzi walivuka bahari kuja kusikiliza mashairi, na walirudi kwao wakighani njia nzima. Leo wameshindwa kufika wakiwa juu ya paa la nyumba yao wenyewe.

Sasa nije kwenye lililonichoma hasa.

Jirani yangu ni mzee mtunzi. Simtaji jina, hajaniruhusu. Wengi wenu mmewahi kumsikia pale Ngomeni. Mwaka huu aliandikiwa kwamba naye atapewa nafasi, dakika kumi, kwa hiyo akanifuata nimsaidie na simu. Tulikaa barazani kwake tangu alasiri. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya vito, ya kuvaa Maulidi. Simu tuliiegemeza kwenye dele ya kahawa. Daftari lake alilitoa ndani ya mfuko wa nailoni, maana chumvi ya hapa inakula karatasi, na akalifungua polepole penye ukurasa wa utenzi mpya. Beti arobaini. Alikuwa amezitunga tangu Ramadhani.

Muda wetu ulipangwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Wanajamvi, saa kumi na mbili na nusu jioni, Lamu! Ndani ya Magharibi! Misikiti yote inaadhini, hakuna mwanamume aliyebaki njiani wala mwanamke aliye huru na simu. Aliyepanga alitazama saa ya London, kule ni saa kumi na nusu alasiri, wakati mzuri wa kunywa chai. Mzee aliuliza kama anaweza kusogezewa mbele, akajibiwa ratiba imeshatoka. Akaswali upesi upesi, mtu ambaye sijapata kumwona akiharakisha swala, akarudi kukaa mbele ya dele.

Mwongozaji akamkaribisha kwa jina lake la kwanza, kavu, bila shikamoo wala "mzee wetu", kisha akaomba samahani kwa Kiingereza kwa wasikilizaji kwamba hakutakuwa na tafsiri. Mzee akaanza. Sauti yake mnaijua. Wanaoghani wanajua pia utenzi ulivyo: vipande vitatu vinafuatana kwa kina kimoja, na cha nne kinakurudisha kwenye kile kina cha mwisho kinachofunga kila ubeti tangu mwanzo. Pale Mkunguni watu walikuwa wakikingoja kile kipande cha nne na kukipokea pamoja naye, wanawake kutoka upande wao, watoto kutoka kwenye ngazi za Ngome. Hapo ndipo utenzi unapokuwa utenzi.

Alifika ubeti wa kumi na mbili. Akasema kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, wakamzima maiki. Muda umekwisha, asante sana, tunaendelea na mgeni wetu anayefuata. Mzee hakujua. Alimaliza kipande cha nne akiangalia kioo, akaenda wa kumi na tatu, akaenda wa kumi na nne, mimi nimekaa kando yake sijui nimwambieje. Nilipomgusa mkono akanyamaza. Akaniuliza, "Wangapi wanisikia?" Nikamwambia ukweli. Akafunga daftari, akalirudisha kwenye nailoni, akafunga fundo mara mbili.

Huyu ni mtu wa miaka sabini na ushei. Kesho yake akaambiwa atatumiwa shahada ya kushiriki kwa barua pepe. Hana barua pepe. Miaka mingine watunzi wa hapa walikuwa wakipewa angalau nauli na bahasha ndogo ya heshima. Mwaka huu heshima imekuwa karatasi isiyoshikika.

Nimesikia majibu ya kamati ya tamasha, yanapita mdomoni mwa watu. La kwanza ni kwamba matamasha makubwa ya dunia yamefanya hivi hivi. Ni kweli, na semeni ukweli wote. Tamasha la Hay kule Wales, lililoanza mwaka 1988 katika mji mdogo unaosifika kwa maduka ya vitabu, lilihamia mtandaoni Mei 2020 na likawa bila malipo. Wa tamasha la vitabu la Edinburgh, Scotland, nao wakafanya hivyo Agosti ya mwaka ule ule. Kwa nini? Kwa sababu ya corona. Watu walikuwa wakifa na serikali ilikataza mikusanyiko. Ilipowezekana kukusanyika walirudi, na Mei 2022 Hay walikuwa tena kwenye mahema yao na watu wao. Sisi tumefungiwa na ugonjwa gani mwaka huu?

Na Lamu tunajua vizuri kunyang'anywa usiku. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, tuliwekewa kafyu, tukafungiwa ndani miezi kadhaa, baraza tupu, wavuvi hawatoki usiku. Ikaja corona 2020, tena kafyu. Mara zote mbili tulinyang'anywa na jambo lililotushinda nguvu. Mara hii usiku wetu wa Mkunguni umetolewa na watu wetu wenyewe, mezani, bila hata kuuliza. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Jibu la pili ni gharama. Nipeni hesabu. Mikeka inatoka misikitini na majumbani. Kahawa tulikuwa tukipika zamu kwa zamu. Ngome ipo pale tangu 1821, ilikuwa gereza mpaka 1984, leo ni jumba la makumbusho, na watu tuliozoea kuipita tukiwa na hofu tuliingia kusikiliza mashairi ndani ya kuta zile zile. Sioni gharama iliyo kubwa kuliko kulipia mitambo ya kurusha video.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sisi tunaolalamika tunaogopa teknolojia. Watu wa Amu, yaani Lamu hii hii? Hapa tenzi zilipita kwenye kaseti kabla wengi wa wanakamati hawajazaliwa. Shairi linarekodiwa chumbani, wiki mbili baadaye linasikika Mombasa. Leo zinapita kwa sauti za WhatsApp. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa hapa mjini ilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza ikawekwa mtandaoni, nikaona ni jambo jema na hata sasa naliona jema. Lakini Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wadukuzi, huduma zake nyingi za mtandaoni zikalala miezi. Na Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima ikahangaika na intaneti. Mtandao ni chombo kizuri, na chombo kizuri huharibika. Hukihamishii nyumba nzima ukabomoa ya zamani.

Maandishi yetu yamekwenda kitambo. Muhammad Kijuma, mtu wa hapa, alikaa Amu akinakili tenzi kwa mkono wake kwa ajili ya wasomi wa Ulaya, na nakala zake leo ziko kwenye maktaba za London na Ujerumani. Karatasi tulizitoa. Kilichobaki hapa ni kikao: mtu anaghani, watu wanapokea. Utenzi wa Mwana Kupona, wasia wake kwa bintiye wa mwaka 1858, bibi zetu waliujua kwa kuusikia, na wengi hawakuwahi kuushika kwa mkono. Bibi yangu mimi alikuwa akighani beti zake huku anasuka ukili, na akikosea neno shangazi anamsahihisha kutoka jikoni. Niambieni hilo linafanyika vipi kila mtu akiwa amezimwa maiki.

Sitaki tu kulia. Nataka mambo haya:

Mwakani jioni tatu zirudi Mkunguni, baada ya Isha. Kamera iwekwe, irushwe kwa walio mbali, sina ugomvi na hilo hata kidogo. Waandishi wageni wanaoshindwa kusafiri waonyeshwe kwenye pazia jeupe ukutani, tuwasikilize pamoja, na awepo mtu wa kutafsiri. Watunzi wa Amu na Pate walipwe kama wanavyolipwa wageni. Na mwaka huu huu, kabla haujaisha, rekodi za jioni zile zitolewe kama sauti peke yake, nyepesi, ili mtu wa Kizingitini kule Pate azipakue bila kumaliza bando.

Na mzee aombwe radhi. Nyumbani kwake, kwa miguu. Si kwa ujumbe.

NYONGEZA, siku ya pili:

Nimesoma majibu yote, asanteni. Dada uliyeandika kutoka Jeddah kwamba hii ni mara ya kwanza kusikia watunzi wa kwenu tangu uolewe huko, maneno yako yameniingia, nimeyasoma mara mbili. Wewe si mshindani wetu. Nataka uendelee kusikia, tena usikie zaidi ya ulichopewa safari hii: usikie watu wakipokea kipande cha nne, usikie adhana ikianza Mkomani na kujibiwa na mitaa mingine. Ulichosikia ni mtu mmoja peke yake mbele ya simu. Sote tumepunjwa, wewe huko na sisi hapa.

Kaka uliyesema nina chuki binafsi na kamati: wawili kati yao nimesoma nao madrasa, na mmoja alinibeba mgongoni siku nilipokatwa na chaza pale Shela. Kwa sababu nawajua ndiyo maana nimeumia.

Aliyeuliza kuhusu mkutano: nimeambiwa kamati inakaa Jumamosi. Tunaokwenda tutakutana mbele ya lango la Ngome baada ya Alasiri, kimya kimya, hakuna fujo, tuingie tuseme. Wa Shela na Matondoni semeni hapa mtakuwa wangapi nijue kuhusu boti. Mzee nimemwomba aje na daftari lake. Ameniambia atafikiri.