Excel: asilimia za sangara wadogo zinaangukia kundi moja, fomula ina shida gani?

Mwalo_Igombe
Wakuu, habari za kazi. Nina shiti ya mapokezi ya sangara hapa mwaloni. Safu B ni idadi ya samaki waliopimwa kwa kila mtumbwi, C ni walio chini ya sentimita 50, D ni =C2/B2 kwa asilimia. Nataka E itaje kundi: chini ya 5%, 5 hadi 10, 10 hadi 25, na 25 kwenda juu. Nimeandika:

=IF(D2<5%,"A",IF(5%<=D2<10%,"B",IF(10%<=D2<25%,"C","D")))

Kundi A linatoka sawa. Wengine wote wanakuwa kundi D, hata mtumbwi wenye 7%.

Fundi_Shiti
Mkuu, Excel haisomi 5%<=D2<10% kama tunavyoiandika darasani. Inaanza na 5%<=D2, inapata TRUE, halafu inauliza kama TRUE ni ndogo kuliko 0.1. Kwake TRUE ni kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo jibu ni FALSE siku zote. Na huhitaji mpaka wa chini: IF ya kwanza imeshawatoa walio chini ya 5%.

=IF(B2="","",IF(D2<5%,"A",IF(D2<10%,"B",IF(D2<25%,"C","D"))))

Ile B2="" inazuia #DIV/0! (kosa la kugawa kwa sifuri) ya D isifike E kwenye mistari mitupu. Usisahau alama ya %. Ukiandika D2<10 bila hiyo, kila mtumbwi utapita, maana 7% ndani ya seli ni 0.07.

Binti_Kirumba
IF zinatosha kwa makundi manne, ila bwana samaki akibadilisha mipaka kesho utaanza kuhariri fomula upya. Mimi ningeweka jedwali pembeni: G2 hadi G5 andika 0, 5%, 10%, 25%, H2 hadi H5 majina ya makundi. Kisha:

=VLOOKUP(D2,$G$2:$H$5,2,TRUE)

G lazima ipande kutoka ndogo kwenda kubwa na ianze na 0, la sivyo walio chini ya 5% watatoa kosa la #N/A. Bila zile $ jedwali linateleza ukivuta fomula chini.

Mwalo_Igombe
Asante dada, imekubali. Mawili yamebaki. Mtumbwi mmoja unaonyesha 10% lakini uko kundi la 5 hadi 10. Pia nimeita kundi la kwanza "<5%", na =COUNTIF(E:E,H2) inatoa 0 wakati mitumbwi ipo.

Binti_Kirumba
Ongeza desimali kwenye D uone. Samaki 12 kati ya 125 ni 9.6%, seli inaonyesha 10% kwa kuwa umeficha desimali, ila fomula inatumia 9.6%. Iache hivyo. ROUND(D2,2) ingempandisha kundi asilostahili.

COUNTIF nayo inaona "<5%" kama amri ya kutafuta namba ndogo kuliko 0.05, na E ina maandishi tu, si namba. Andika "Chini ya 5%". Wala usiandike 5-10 kama jina, itageuka tarehe.

Fundi_Shiti
Na hapo unahesabu mitumbwi, si samaki. Mtumbwi wenye samaki 2, mmoja mdogo, unaingia 25% kwenda juu sawa na wenye 200. Kwa asilimia ya mwalo mzima tumia =SUM(C:C)/SUM(B:B), usichukue wastani wa D.