Skwoshi: namcheleweshaje mpinzani bila kugonga bati?

raketi_juu
Wakuu, salama? Najifunza kushikilia pigo, yaani kujiandaa, kusubiri kidogo, halafu kupiga. Tatizo, mpinzani ananisoma. Nikitaka kudondosha mpira mbele, keshafika. Nikitaka kuupeleka nyuma, keshaondoka kwenye T, yaani makutano ya mistari katikati ya uwanja. Nikisubiri zaidi, nagonga bati, ule ukanda wa chini wa ukuta wa mbele ambao mpira ukiugusa umepoteza pointi. Kasoro iko mkononi au wapi?

kona_ya_nyuma
Mkuu, anza na miguu. Mpira uliouwahi ndio unaoweza kuuchelewesha. Ukifika unahema, huna cha kuficha. Raketi iwe juu kabla mpira haujadunda, na iwe pale pale kwa kila pigo: la kunyoosha sambamba na ukuta wa pembeni, la kukatisha uwanja, la kudondosha. Wengi wakitaka kudondosha hushusha raketi mapema, wakitaka nguvu huivuta nyuma ya bega. Mpinzani anasoma hapo hapo, mpira hata haujaguswa.

Sasa mkono. Legeza vidole, kifundo cha mkono kikunjwe, kichwa cha raketi kibaki juu yake. Mpira ukifika kilele cha mdundo usipige, uache uanze kushuka. Mchezaji mzuri huruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili pale anapodhani unapiga. Akitua na wewe bado hujapiga, uzito wake umeshakaa chini na inabidi aanze upya kuondoka. Nafasi yako ndiyo hiyo, na ni fupi mno.

Kuhusu bati: lina sentimita 48, karibu usawa wa goti. Kadiri unavyosubiri, mpira unashuka kuelekea usawa huo, kwa hiyo fungua uso wa raketi uuinue. Ukipiga bapa, lazima ugonge.

Mtafute Jonathon Power wa Kanada, bingwa wa dunia 1998. Usitazame mpira, tazama raketi yake. Mimi sijaona anayeituliza vile.

mpira_wa_nukta_mbili
Naongeza: usishikilie kila pigo. Kama pigo lako refu la kunyoosha halimtishi, hana sababu ya kuegemea nyuma, atakungoja tu pale kwenye T.

raketi_juu
Asanteni sana. Kuna zoezi la kufanya na mwenzangu?

kona_ya_nyuma
Lipo. Mwenzako akurushie mpira pembeni, na ukishadunda tu ndipo aseme "mbele" au "nyuma". Hutajua mapema, kwa hiyo raketi italazimika kuanzia sehemu moja. Anza upande wa bekhendi, yaani ule wa mkono usioshika raketi, maana huko mgongo wako unamfichia mpinzani sehemu kubwa ya raketi.