Naombeni ushauri: albamu za Queen nianzie wapi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga, na masikio yangu yamezoea rumba na bolingo za ng'ambo ya ziwa. Queen, bendi ya rock ya Uingereza, nilikuwa nawajua kwa nyimbo mbili tatu za viwanjani, na kwamba mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Sasa nataka albamu nzima nzima, ila bando si la kuchezea. Nikishusha kitu kiwe cha maana.

Kwa nilizosikiliza, namba moja ni A Night at the Opera (1975). Bohemian Rhapsody imo humo, lakini iliyoniteka ni nyimbo iitwayo '39, anayoimba mpiga gitaa wao Brian May mwenyewe: gitaa lisilo la umeme, na wasafiri ambao kwao umepita mwaka mmoja tu, kumbe nyumbani imepita miaka na miaka. Nimeirudia mpaka mama watoto kaanza kuiimba jikoni. Ya pili News of the World (1977), ile inayoanza kwa vishindo vya miguu na makofi. Hot Space (1982) mnisamehe, disko limezidi, japo Under Pressure waliyoimba na David Bowie inaiokoa.

Sasa kati ya Queen II (1974) na Innuendo (1991), nichukue ipi kwanza? Kaka yangu ananiambia Queen II ni nzito kwa mgeni. Innuendo nayo naiogopa kidogo, maana Mercury alifariki Novemba mwaka huohuo. Mnaowajua vizuri, nipangieni tano bora zenu, na mseme kwa nini.